Nani Alimwona Amelewa? Maisha ya Ahmad bin Majid, Maalim wa Bahari



Ndugu msomaji, makala hii inamtaja mtu aliyefariki miaka mia tano iliyopita, lakini inaanzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bugarama. Kwa wasiopajua kwetu, ni bonde la joto katika wilaya ya Rusizi, sehemu ya chini kabisa ya nchi yetu ya milima, pale Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo. Mashamba ya mpunga yamelala pande zote, na sokoni utasikia Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili katika mapatano ya mfuko mmoja wa mchele. Kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nawasomesha watoto wa madrasa. Siku moja somo lilikuwa ubaya wa pombe, nami nikatafuta mfano utakaowakaa moyoni. Nikawasimulia habari niliyoisoma nikiwa sekondari: kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi akiwa hajui njia ya kwenda India, kwamba alimpata rubani Mwislamu, bingwa wa bahari, aitwaye Ahmad bin Majid, kwamba Wareno walimlevya, naye katika ulevi wake akawaonyesha njia. Nikamalizia kwamba kikombe kimoja cha pombe kiliifungulia mizinga Bahari ya Hindi, na ndiyo maana miaka saba baadaye Kilwa na Mombasa ziliporwa.

Watoto walinyamaza kimya. Mfano ulikuwa umewaingia. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akisubiri Magharibi aliniita pembeni. Aliniita mwalimu, ingawa mimi ni kama mjukuu wake, akaniuliza ni nani aliyemwona huyo maalim amelewa. Sikuwa na jibu. Akaniuliza nimeipata wapi habari hiyo. Nikasema vitabuni, tena si kitabu kimoja. Akacheka kidogo, akanikumbusha lililotokea sokoni wiki ile ile.

Asubuhi ya siku ya soko ilivuma habari kwamba mpaka ungefungwa mchana. Waliotoka ng'ambo wakaanza kufunga mizigo, wengine wakauza kwa hasara ili wawahi kuvuka. Yule mzee alisikia habari hiyo kwa watu wanane. Alimuuliza kila mmoja ameisikia kwa nani, na njia zote zikaishia kwa kijana mmoja wa pikipiki, ambaye naye alikuwa amenasa nusu ya maneno ya abiria wake aliyekuwa akizungumza kwa simu. Mchana ulifika, jioni ikafika, na mpaka uko wazi. Mzee akaniambia kwamba wale wanane hawakuwa wanane hata kidogo, walikuwa mmoja. Kisha akaenda kutawadha, akaniacha nimesimama.

Aibu iliyonishika haikuwa ndogo. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Nimekariri tofauti kati ya habari ya mutawatir na habari ya mtu mmoja. Najua kwamba kumhukumu mtu kwa ulevi kunahitaji aungame mwenyewe au washuhudie mashahidi wawili waadilifu. Na bado nilimtangaza Mwislamu aliyekufa kuwa mlevi na msaliti mbele ya watoto thelathini, kwa sababu hadithi ilikuwa tamu na ilinifaa. Niliporudi chuoni nilianza kumtafuta Ahmad bin Majid mwenyewe.

Mtoto wa manahodha

Jina lake la heshima ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Alizaliwa Julfar, bandari ya Ghuba ambayo leo ni sehemu ya Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Wengi wanaukadiria kuwa katika miaka ya 1420 au 1430. Baba yake alikuwa rubani, na babu yake pia. Walijulikana zaidi katika Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba iliyojificha chini ya maji ambako chombo kinaweza kupasuka mchana kweupe. Baba yake alitunga utenzi mrefu wa Kiarabu wenye beti zaidi ya elfu moja kuhusu njia za bahari hiyo.

Kwa hiyo Ahmad alikulia katika nyumba ambamo elimu ya bahari ilirithishwa kama vile sisi tunavyorithishwa nyiradi. Lakini hakuridhika na kurithi tu. Ameeleza katika maandishi yake kwamba babu yake alikuwa mwangalifu sana katika vipimo, na baba yake akazidisha kwa kuzirudia safari zile zile na kulinganisha. Yeye mwenyewe aliyachukua ya wote wawili akayapima upya kwa safari zake. Walikuwapo pia mabingwa watatu wa karne zilizotangulia ambao mabaharia waliwaita simba, na vitabu vyao vilikuwa vinanakiliwa mkono kwa mkono. Ibn Majid aliwaheshimu, hata akajihesabu kuwa simba wa nne, lakini alisema wazi kwamba wale walikuwa wakusanyaji wa maneno ya watu zaidi kuliko kuwa watu wa tajriba. Hakuikubali habari kwa sababu tu ni ya zamani na imenakiliwa mara nyingi.

Mwaka 1462 alimaliza utenzi wake mkubwa wa kwanza, al-Hawiya, wenye beti zaidi ya elfu moja juu ya misingi ya elimu ya bahari. Karibu na mwaka 1490 akaandika kitabu chake mashuhuri cha nathari, Kitab al-Fawaid, chenye sura kumi na mbili. Kwa jumla zinahesabiwa kazi zake takriban 40, nyingi zikiwa za mashairi, kwa sababu shairi ni rahisi kulihifadhi kichwani usiku, wakati taa imezimwa na upepo unavuma. Miongoni mwazo lipo shairi la kutafuta Qibla kutoka pande zote za dunia. Na katika mawaidha yake kwa marubani aliwataka wapande chomboni wakiwa na tahara na wasighafilike na kumtaja Allah, kwa sababu aliye baharini ni mgeni wa Mola wake.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki aliijua vizuri. Mojawapo ya tenzi zake, as-Sufaliyya, inaelekeza njia za pwani hii hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kulikokuwa kukitoka dhahabu ya bara.

Kuamua bila yakini

Sasa tutazame kazi yenyewe ya rubani, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Chombo kinachotoka Malindi kwenda Malabar kinaiacha nchi kavu kwa wiki tatu na zaidi. Mkondo wa maji unakisukuma bila kuonekana. Rubani anatakiwa kufika kabla ya kusi kukolea, kwa sababu ifikapo mwezi wa sita bandari za magharibi ya India hazikaribiki tena kwa mawimbi. Akidhani yuko mbali kumbe yuko karibu, anaweza kuugonga mwamba usiku. Akidhani yuko karibu kumbe yuko mbali, maji ya kunywa yatakwisha. Hawezi kungoja mpaka awe na yakini. Anatakiwa aamue leo, kwa alichonacho.

Alichonacho ni nini? Kwanza, nyota. Marubani walipima kimo cha nyota kwa kipimo kiitwacho kidole, isbaa kwa Kiarabu. Walinyoosha mkono wenye kibao kidogo cha mti, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na wa juu ukigusa nyota. Kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Ina maana kwamba mkono ukitetemeka ukakosea robo tu ya kidole, chombo kimehama kilomita zaidi ya 40 katika hesabu. Tena nyota ya Jaa, inayoonyesha kaskazini, zama hizo ilikuwa zaidi ya digrii tatu mbali na ncha halisi ya mbingu, kwa hiyo ilizunguka, na rubani alilazimika kuisahihisha kwa kutazama ni manzili ipi ya mwezi iliyo juu yake. Na ukivuka mstari wa ikweta kuelekea kusini, Jaa inazama kabisa. Unategemea nyota nyingine.

Basi Ibn Majid hakutegemea nyota moja, wala hakutegemea nyota peke yake. Alifundisha kutazama ishara nyingine: rangi ya maji, aina za ndege, majani yanayoelea, na nyoka wa baharini ambao wakionekana ni dalili kwamba pwani ya India imekaribia. Tena kuna bildi, kipande kizito cha risasi kilichofungwa kamba, kinachoshushwa hadi chini kupima kina na kuleta juu tope au mchanga wa sakafu ya bahari. Kila ishara peke yake inaweza kudanganya. Ndege anaweza kupotea, nyota inaweza kufichwa na ukungu, na tope la huku linaweza kufanana na la kule.

Hapa naomba unifuate katika hesabu ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila moja ya ishara tatu hudanganya mara moja katika mara tano. Ukiwa na ishara moja, hatari ya kudanganyika ni moja kwa tano, nayo ni kubwa. Lakini nyota, ndege na tope vikikubaliana, na kila kimoja kina sababu yake tofauti ya kukosea, uwezekano wa vyote vitatu kukudanganya kwa pamoja ni moja ya tano mara moja ya tano mara moja ya tano, yaani moja kwa 125. Rubani bado hana yakini. Ila ana kitu anachoweza kukiamulia.

Sharti la hesabu hiyo ni moja: ishara ziwe zimetoka njia tofauti. Watu watatu wakimtazama ndege yule yule mmoja, kisha wakaja mmoja mmoja kumwambia rubani kwamba wameona ndege, hazijawa ishara tatu. Hatari imebaki moja kwa tano kama ilivyokuwa. Ni wale wanane wa soko la Bugarama.

Hisabati ya uwezekano iliandikwa baada ya zama za Ibn Majid. Wafaransa Pascal na Fermat waliandikiana barua juu ya michezo ya bahati mwaka 1654, na mwaka 1763 ikachapishwa kazi ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Bayes alionyesha namna ya kusogeza dhana: anza na ulichokijua kabla, kisha kila ushahidi mpya ukufikishe juu au chini kwa kadiri ulivyotarajiwa kuonekana kama jambo ni kweli, ukilinganisha na ulivyotarajiwa kama si kweli. Leo madaktari, wataalamu wa hali ya hewa na wachunguzi wa maradhi wanaitumia njia hii kila siku.

Lakini sisi wanafunzi wa usul hatuko ugenini hapa. Imamul Haramayn al-Juwayni, katika kile kitabu chake kidogo cha Waraqat ambacho wengi wetu tumekisoma, ametofautisha elimu ya yakini, dhana na shaka. Shaka ni pale pande mbili zinapolingana. Dhana ni pale upande mmoja unapouzidi mwingine. Na mafakihi wameijenga sehemu kubwa ya fiqhi juu ya dhana yenye nguvu: aliyepotewa na Qibla safarini hujitahidi kwa ishara, akaswali kuelekea upande uliozidi uzito. Halazimishwi kuwa na yakini, ila haruhusiwi kuacha kupima.

Mizani ya habari ya 1498

Sasa turudi kwenye tuhuma yangu. Nilijaribu kuipima kama rubani anavyopima ishara zake.

Swali la kwanza: kabla ya kumsikiliza shahidi yeyote, ni watu wangapi wangeweza kuwa rubani yule? Ibn Majid hakuwa peke yake. Njia ya kutoka pwani yetu hadi India ilikuwa ikisafiriwa kila msimu kwa karne nyingi. Kumbukumbu ya safari iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia wa Vasco da Gama inasema kwamba walipofika Malindi mwezi wa nne mwaka 1498 walikuta vyombo vinne vya watu wa India. Kila chombo kilikuwa na watu wanaoijua njia. Kwa hiyo tunaanza na watu wengi, na Ibn Majid ni mmoja tu kati yao, tena mzee wa zaidi ya miaka sitini ambaye hatuna ushahidi wa kumweka Malindi mwezi ule.

Swali la pili: mashahidi ni nani? Yule baharia aliyekuwapo anasema mfalme wa Malindi aliwapa rubani Mkristo. Wareno wakati ule waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo, kwa hiyo neno lake linaelekea kumaanisha mtu wa India. Waandishi wa Kireno wa katikati ya karne ya 16, Castanheda na Barros, wanamtaja mtu wa Gujarat. Barros anamwita Mwislamu, na jina analoliandika ni Malemo Cana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana kwamba hilo malemo ni maalim, cheo cha rubani, wala si jina la mtu. Hawa hawakubaliani katika kila jambo, lakini wanakutana katika moja: mtu huyo ni wa upande wa India. Hakuna hata mmoja kati yao anayemtaja Ahmad bin Majid wa Julfar.

Basi jina lake limetoka wapi? Limetoka kwa Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni mkubwa wa Makka, katika kitabu chake cha historia ya Waothmani kuiteka Yemen. Kitabu hicho ni cha miaka ya 1570, zaidi ya miaka 70 baada ya safari. Mwandishi mwenyewe alizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya tukio. Hatumtuhumu kwa uongo, Allah amrehemu. Ila hataji alisikia kwa nani. Kwa lugha ya somo letu, ni habari ya mtu mmoja, na sanadi yake imekatika. Na hapo hapo, katika habari hiyo moja, ndipo lilipo neno la ulevi.

Katika miaka ya 1920 mtafiti Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyefanya kazi kubwa ya kuvitoa vitabu vya Ibn Majid kwenye maktaba ya Paris, aliunganisha habari ya al-Nahrawali na yule maalim wa Wareno, akahukumu kuwa ni mtu mmoja. Kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya historia, kisha vya shule, kisha kwenye madrasa ya Bugarama kupitia kwangu. Nilipomwambia mzee kwamba nimeisoma katika vitabu vingi nilisema kweli. Ila nyuma ya vitabu vyote hivyo yupo mwandishi mmoja wa Makka, na nyuma yake hayupo mtu tunayemjua.

Swali la tatu: vipi hoja kwamba rubani yule alikuwa hodari? Ni kweli, alikuwa hodari. Waliondoka Malindi tarehe 24 mwezi wa nne, na tarehe 20 mwezi wa tano wakawa mbele ya Calicut, kabla ya kusi kuifunga pwani. Lakini uhodari huo ungeonekana vile vile kama rubani angekuwa mtu wa Gujarat aliyezoea njia. Ushahidi unaofaa pande zote mbili kwa kiasi kimoja hausogezi mizani. Kwa muda mrefu nilidhani ushahidi ni kila kitu kinachoafikiana na ninachokiamini. Kumbe swali la kuuliza ni kama ungeshangaa kukiona endapo unachokiamini si kweli.

Swali la nne: mwenyewe anasema nini? Ibn Majid hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Safari na vipimo vyake anavitaja kwa kujiamini. Katika as-Sufaliyya wamo Wafaranji, yaani Wareno, na kufika kwao India, lakini hakuna mahali anaposema kwamba aliwaongoza. Hapa lazima niwe mwadilifu kwa pande zote mbili. Kama jambo lile lilikuwa la fedheha, mtu angeweza kulinyamazia, kwa hiyo kimya chake si hoja nzito sana. Tena wapo wachunguzi wanaodhani kwamba baadhi ya beti zinazowataja Wafaranji ziliongezwa na mkono mwingine. Nimeiweka hoja hii kwenye mizani, lakini kwa uzito mdogo.

Ukizijumlisha zote, upande mmoja umezidi, na umezidi sana: rubani wa 1498 hakuwa Ahmad bin Majid. Ndivyo walivyofikia watafiti wengi baadaye, akiwamo G. R. Tibbetts, aliyekitafsiri Kitab al-Fawaid kwa Kiingereza mwaka 1971. Sisemi ni yakini. Kesho ikipatikana hati ya Malindi yenye jina lake, nitalazimika kusogea. Lakini ulevi ni habari nyingine kabisa. Juu yake hakuna hata cha kupima, na asili ya Mwislamu ni kutokuwa na hatia.

Mizani haina mpendwa

Nilipofika hapa nilifurahi, na furaha hiyo ikanitia wasiwasi. Je, nimepima, au nimemtetea mtu wetu? Nikaamua kujijaribu kwa habari ya kumsifu. Wengi tumesikia kwamba Ibn Majid ndiye aliyeivumbua dira. Ni habari tamu ya kusema kwenye mihadhara. Lakini Wachina waliandika juu ya sindano ya sumaku baharini karne kadhaa kabla hajazaliwa, na Sultani al-Ashraf wa Yemen aliieleza mwishoni mwa karne ya 13. Basi na hiyo nikaiweka chini. Mizani inayopima tuhuma tu na kuziacha sifa zipite imeshapotoka.

Na sifa za kweli zinamtosha. Alisafiri na kuandika kwa zaidi ya miaka 40. Tenzi zake za mwisho ni za mwanzoni mwa miaka ya 1500, kisha hatumsikii tena. Kaburi lake halijulikani. Vitabu vyake viliendelea kunakiliwa, na katika karne ya 16 amirali wa Waothmani Seydi Ali Reis alivitumia kuandika kitabu chake juu ya Bahari ya Hindi. Mtu aliyetumia umri wake kuwafundisha wenzake wasiamini ishara moja tu, jina lake limechafuliwa kwa habari ya mtu mmoja.

Ndugu zangu wanafunzi, Suratul Hujuraat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tukaja kujuta. Zamani nilidhani aya hiyo inahusu habari za vita na fitina kubwa. Sasa naiona katika simu yangu kila siku. Ujumbe mmoja unafika katika makundi matano ya WhatsApp, nami nauhesabu mara tano.

Mwezi uliopita nilipanda basi kurudi nyumbani kwa siku mbili. Baada ya Alasiri niliwakusanya watoto wale wale nikawaambia kwamba niliyowaeleza juu ya Ahmad bin Majid hayana ushahidi, na kwamba nimekosea kuyasema. Niliwachorea ubaoni nyota, ndege, nyoka na kipande cha risasi kwenye kamba. Binti mmoja mdogo aliuliza kama sasa ni hakika kwamba si yeye. Nikamwambia si hakika, ila mizani imelala upande huo. Akauliza tena, basi tuseme nini tukimtaja. Nikamwambia tuseme Allah amrehemu, maana hilo halihitaji shahidi.

Yule mzee alikuwa barazani. Alisikia yote. Tulipomaliza aliniita, akaniuliza kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza na haya nimeyasikia kwa nani. Safari hii nilikaa chini karibu naye, nikaanza kumtajia mmoja baada ya mwingine, baharia wa Kireno, Barros, al-Nahrawali, Mfaransa wa Paris. Kwa kila jina aliuliza huyo naye alikuwapo, au alisikia. Hatukumaliza, adhana ya Magharibi ilitukuta katikati ya orodha.

Wabillahi tawfiiq.